Ufunguo wa tenda usikae steshenari

WIKI hii, ndugu msomaji, naomba tuweke kando bei ya gunia la mahindi la Makambako na ya viazi vya Uyole. Tuzungumzie kitu ambacho hakipimwi kwa mizani, lakini kinawatia hasara wafanyabiashara wengi wa Mbeya na Iringa. Kitu hicho ni faili linalokataa kufunguka.

Nina shangazi anayeuza maharage na mchele eneo la Mashine Tatu mjini Iringa. Mwezi uliopita alinipigia simu usiku. Kabla sijamaliza kumwamkia, akasema: "Mwanangu, tenda ya shule inafungwa kesho saa nne asubuhi, na karatasi zake hazitoki."

Tenda yenyewe ilikuwa ya chakula cha wanafunzi wa bweni. Wenye shule ni taasisi binafsi ambayo huweka nyaraka zake kwenye tovuti, na wanaoruhusiwa kuzipakua ni wazabuni waliosajiliwa tu. Shangazi alikuwa amesajiliwa, na ada ya mwaka alikuwa amelipa. Tangu saa kumi jioni alikuwa amekaa steshenari akibonyeza, na kila akibonyeza tovuti ilimtaka aingie upya. Akiandika jina na neno la siri, iliomba namba ya uthibitisho. Namba hiyo ilitumwa kwenye simu ambayo haikuwa yake. Ilikuwa ya kijana aliyemfungulia akaunti miaka miwili iliyopita. Kijana mwenyewe alishahamia Dodoma, na laini ile haipatikani tena.

Saa nne ya asubuhi ikafika ikapita. Shangazi alikuwa na magunia ghalani, leseni hai na hati ya kodi isiyo na deni, lakini bei yake haikufika mezani. Majirani zake sokoni aliwaambia kuwa mtandao ulisumbua.

Mtandao haukusumbua hata kidogo. Akaunti yake ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Nimeamua kuandika juu ya jambo hili kwa sababu nimelisikia likisemwa vilevile Mwanjelwa, Mafinga na Tunduma: "mtandao ulisumbua." Mfanyabiashara anayetaja chanzo kisicho sahihi cha hasara yake ataipata hasara hiyohiyo msimu ujao.

Mlango umehama

Wapo wanaosema afadhali ya zamani, zilipokuwa karatasi. Mimi sikubaliani nao. Zamani zabuni ya Serikali ilitangazwa gazetini, na gazeti lilifika Mbeya likiwa limechelewa. Mwenye nia alipaswa kwenda mwenyewe kununua makabrasha, kwa fedha isiyorudishwa, kisha arudi tena kuyatumbukiza kwenye sanduku kabla ya saa iliyopangwa. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na kutoka Iringa ni karibu 500. Nauli, malazi na siku za duka kufungwa vilitosha kumwondoa mtu mdogo kwenye mashindano kabla hayajaanza. Ule nao ulikuwa mlango uliofungwa, ila kufuli lake lilikuwa umbali.

Leo mlango umehamia kwenye simu na kompyuta. Tangu mwaka 2018 usajili wa majina ya biashara na kampuni kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) unafanyika kwa njia ya mtandao, na vyeti hupakuliwa hukohuko. Julai 2023 Serikali ilianza kutumia mfumo mpya wa ununuzi wa umma, NeST, ulio chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA), badala ya ule wa TANePS. Mwaka huohuo ikatungwa Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10. Asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi wa taasisi za umma imetengwa kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Maana yake ni kwamba mama anayeuza maharage Mashine Tatu ametengewa sehemu yake kisheria. Hata hivyo, sehemu hiyo iko ndani, na anayeingia ndani ni aliyesajiliwa na ambaye akaunti yake inafunguka.

Hapo ndipo palipo na fedha. Halmashauri inapotaka kununua mbao za madawati, mfanyabiashara wa Mafinga anayeishi katikati ya miti ya Sao Hill anaweza kupitwa na mtu wa mbali asiye na hata ubao mmoja, mradi mtu huyo ana akaunti inayofanya kazi.

Si kila mlango uliofungwa ni dhuluma

Kabla hatujalaumu, tujue ni milango ipi ina haki ya kufungwa. Chai ya Mufindi na Rungwe kwa miaka mingi imeuzwa kwenye mnada wa Mombasa, na Novemba 2023 nchi yetu ilianzisha mnada wake wa chai Dar es Salaam. Mnadani huuza na kununua waliosajiliwa, na orodha za chai inayoingia mnadani huandaliwa kwa ajili ya hao. Wanalipa ada na wanabeba wajibu wa kulipa wanachonunua. Kuwafungia wengine mlango huo ni utaratibu wa biashara.

Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza kuuza na kununua hisa mwaka 1998, nalo liko hivyo. Anayeingiza oda kwenye mtambo wa soko ni dalali aliyeidhinishwa. Lakini taarifa ya bei za kufunga siku na hesabu za kampuni zilizoorodheshwa huwekwa wazi. Mwekezaji mdogo wa Mbeya mwenye hisa zake za benki hahitaji kumlipa mtu amtafutie bei ya jana. Kadhalika, bei za jumla za mazao ya chakula zinazokusanywa mikoani na wizara yenye dhamana ya biashara ni mali ya umma. Ukiona mtu anakuuzia taarifa hiyo kwenye kundi la simu kama siri ya wanachama, ujue anakuuzia maji ya mto Ruaha wewe uliyekaa ukingoni.

Kwa hiyo swali la kwanza, faili likikataa, ni hili: je, faili hili ni la wote au la wanachama? Likiwa la wote, litafute kwenye tovuti ya mwenye nalo. Likiwa la wanachama, endelea na hatua zifuatazo.

Soma maneno kabla ya kulaumu mtandao

Nimewaona wafanyabiashara makini, watu wanaoweza kutambua mchele uliochanganywa kwa kuusugua kiganjani, wakifunga ukurasa bila kusoma ulichoandika. Ukurasa unaokataa hutoa sababu, ingawa mara nyingi ni kwa Kiingereza cha mkato na namba. Namba 404 maana yake faili halipo mahali hapo: huenda limehamishwa au kiungo kimekosewa. Namba 401, au kurudishwa kwenye ukurasa wa kuingilia, maana yake mfumo haujui wewe ni nani. Namba 403 maana yake umekataliwa ruhusa. Mara nyingi mfumo unakuwa unakujua, ila akaunti yako haijapewa haki ya faili hilo. Hizi ni shida tatu tofauti, na kila moja ina dawa yake. Anayezitibu zote kwa kuzima simu na kuiwasha atakesha.

Shida inayowakuta wengi ni ya kiungo cha kutumiwa. Rafiki amepakua nyaraka, amenakili kiungo na kukurushia. Wewe ukibonyeza hakifunguki, unadhani amekubania. La hasha. Kiungo ni anwani tu, hakibebi ruhusa ya aliyekituma. Tovuti nyingi pia hutoa viungo vinavyokufa baada ya muda mfupi. Ingia kwa akaunti yako mwenyewe, kisha litafute faili kutoka ndani.

Ya pili ni faili linaloshuka lakini halifunguki. Tazama uzito wake. Nyaraka za zabuni zenye kurasa 60 kwa kawaida haziwi na kilobaiti 4. Ukiona uzito mdogo namna hiyo, huenda ulichopakua ni ule ukurasa wa kuingilia, uliovishwa jina la faili. Mfumo ulikuwa umekutoa nje bila wewe kujua. Futa, ingia upya, pakua tena.

Ya tatu ni muda. Mifumo mingi humtoa mtu asiyegusa kitu kwa dakika kadhaa, kwa usalama wake. Mfanyabiashara anaingia, mteja anafika, anapima kilo mbili za maharage, anatafuta chenji, anarudi na kubonyeza. Kumbe ameshatolewa. Kazi ya kupakua nyaraka ifanyike kwa mkao mmoja, kama unavyohesabu fedha.

Ya nne ni kufungulia kiungo ndani ya programu kama Facebook. Programu za namna hiyo hufungua ukurasa ndani kwa ndani, kwenye kivinjari kidogo ambako hukuwahi kuingia na akaunti yako. Nakili anwani uipeleke kwenye kivinjari cha kawaida cha simu. Tazama pia kama simu ina nafasi. Simu iliyojaa video za harusi haina pa kuweka makabrasha ya zabuni.

Ya tano inawakuta wenye kompyuta kuukuu: saa na tarehe si sahihi. Betri ndogo ya ndani imekufa, na kompyuta kila ikiwashwa inadhani ni miaka kumi iliyopita. Kivinjari hukagua hati ya usalama ya tovuti kwa kutazama tarehe, hivyo hukataa kufungua. Rekebisha tarehe kwanza, ndipo umlaumu mwenye tovuti.

Ya sita ni ada. Umelipa kwa simu, ujumbe wa muamala umepata, lakini akaunti bado inasoma kuwa muda umekwisha. Huenda ulikosea namba ya malipo kwa tarakimu moja, au malipo hayajaoanishwa na jina lako. Usilipe mara ya pili. Tunza ujumbe wa muamala na uupeleke kwa wahusika.

Ukishapita hatua hizo na bado imekataa, jaribu kifaa kingine na mtandao wa simu mwingine. Hapo ndipo utajua kama tatizo ni la mtandao. Wakati mwingine ni kweli. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na Tanzania pamoja na majirani zake wakakaa na intaneti ya kusuasua. Siku kama ile hakuna ujanja. Lakini siku za namna ile huwa habari ya nchi nzima. Ikiwa jirani yako anatazama mpira kwenye simu bila kukwama na wewe faili limekataa, tafuta sababu karibu zaidi.

Bei yako anaijua nani?

Sasa nirudi steshenari. Sina ugomvi na vijana wa steshenari. Wamewasaidia watu wengi ambao maofisi yaliwaacha, na kwa malipo madogo. Ninachokipinga ni desturi ya kuwaachia akaunti nzima.

Mfanyabiashara anafika na kitambulisho cha Taifa, namba ya mlipakodi na leseni. Kijana anamsajili. Barua pepe inatakiwa. Mama hana, kijana anaweka ya kwake. Simu ya kupokea uthibitisho inatakiwa. Ya mama imeisha chaji, kijana anaweka ya kwake. Neno la siri anaandika yeye na kulibandika kwenye daftari lake, chini ya majina ya wengine. Mama anaondoka na karatasi iliyochapwa, akiamini amesajiliwa. Aliyesajiliwa ni jina lake. Anayemiliki akaunti ni kijana.

Sehemu ya kwanza ya hatari tumeiona kwa shangazi: kijana akihama, akaunti imehama naye. Laini ya simu nayo inaweza kufungwa. Tunakumbuka Januari 20, 2020, laini ambazo hazikuwa zimesajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa. Aliyekuwa ameunganisha mambo yake na laini ya mtu mwingine hakuwa na la kufanya.

Sehemu ya pili ni nzito zaidi, na haizungumzwi. Daftari lile lina majina ya wafanyabiashara sita wa soko moja. Tenda ya mchele ikitangazwa, watatu kati yao wataiomba, na wote watamtajia kijana yuleyule bei zao ili aziandike. Zabuni ni mashindano ya bei iliyofichwa. Mtu mmoja akiwa ameziona bei tatu kabla ya kufungwa, ushindani umekufa hata kama kijana ni mwaminifu kama malaika. Na asipokuwa mwaminifu, ujumbe mmoja wa simu unatosha kumwezesha mshindani wako kushuka Sh. 20 kwa kilo na kuondoka na mkataba wa mwaka mzima. Wewe utasema vigogo wamepanga, kumbe siri uliiacha juu ya meza ya mashine ya kurudufia.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Lakini uliyempa mtu neno la siri kwa hiari yako utapata kazi kubwa kueleza idhini iliishia wapi. Kinga ni bora kuliko kesi.

Hatua zenyewe hazihitaji shahada. Fungua barua pepe kwa jina lako, leo, wakati hakuna tenda inayokukimbiza. Weka namba ya simu uliyoisajili mwenyewe na unayoitumia kila siku. Ingia kwenye kila mfumo uliosajiliwa, tazama barua pepe na namba iliyoandikwa humo, badilisha kama si zako, kisha badilisha neno la siri. Kama huwezi kuingia, waandikie wenye mfumo, uambatishe nakala za kitambulisho, leseni na namba ya mlipakodi, uombe kurejeshewa akaunti. Hilo linaweza kuchukua siku kadhaa, ndiyo maana lisisubiri tangazo. Kijana wa steshenari aendelee kukusaidia kuchapa na kupanga kurasa, ila neno la siri na bei uviandike kwa vidole vyako. Kama macho hayaoni vizuri, mlete mwanao.

Wenye mifumo nao wajirekebishe

Nisije nikaeleweka kuwa kosa lote ni la mfanyabiashara. Taasisi za umma na binafsi zinazoweka nyaraka nyuma ya neno la siri zina deni kwetu.

Kwanza, mfumo unapomkataa mtu umwambie sababu kwa Kiswahili: ada imekwisha, muda wa kukaa ndani umekwisha, akaunti haijathibitishwa. Maneno kumi ya namna hiyo yangepunguza foleni ya simu za malalamiko. Pili, nyaraka nzito zipunguzwe uzito. Mtu wa kijijini Kilolo ananunua bando kwa shilingi, na kurasa zilizopigwa picha kwa rangi humla fedha kabla hajaanza kushindana. Tatu, dawati la msaada lipokee simu hadi saa ya kufungwa zabuni, hasa siku ya mwisho. Nne, usajili ukatae barua pepe au simu moja kutumika kwa wazabuni wengi. Hatua hiyo peke yake ingelitoa lile daftari la steshenari kazini.

Na wewe unapopiga simu kuomba msaada, usiseme tu "imegoma". Taja jina la akaunti, saa uliyojaribu, kifaa ulichotumia na maneno uliyoyaona, na utume picha ya skrini. Neno la siri usimtajie mtu. Anayekuuliza neno la siri kwa simu si mtoa msaada.

Shangazi sasa ana barua pepe yake. Neno la siri ameliandika kwenye kikaratasi na kukifungia pamoja na hati ya kiwanja, mahali ambapo hata mimi sipajui. Nilipomuuliza kama amejaribu kuingia mwenyewe, alijibu kuwa ameingia mara tatu, ya tatu bila miwani. Maharage yale ameyauza sokoni kwa bei ya rejareja, kilo kwa kilo, na bado anayo magunia kadhaa.

Tenda nyingine ya shule ile hutangazwa mwishoni mwa mwaka. Wewe unayesoma safu hii, ukiwa Soweto Mbeya au Ipogolo Iringa, jaribu kuingia kwenye akaunti yako leo kabla hujafunga duka. Usipoweza kuingia bila kumpigia mtu simu, ujue tenda ijayo itakupita kama hii ilivyompita shangazi.